Seva ya Linux imegoma: dalili na dawa kwa anayeweka mtandao na kugawa diski kwa mkono

Seva nyingi ninazoitiwa hapa Dar si seva. Ni kompyuta za mezani zilizotumika, zimenunuliwa Kariakoo, zikafutwa vumbi, zikaongezwa RAM na diski ya pili, kisha zikasukumwa chini ya meza ya mhasibu. Sizibezi, nyumbani ninayo ya aina hiyo hiyo na inapiga kazi. Ila kila moja ina historia yake. Windows ya zamani bado imo, betri ya saa imekufa, na mipangilio ya BIOS (programu ya ubao mama inayoamsha mashine) ni ya ofisi nyingine kabisa. Ukiijua historia hiyo, nusu ya matatizo ya hapa chini utayanusa kabla hujapiga amri hata moja.

Mifano ni ya Ubuntu Server 24.04 na Debian 12, ndizo ninazokutana nazo kila wiki.

Karatasi kwanza

Kisakinishi cha Linux kikikuta DHCP (huduma ya ruta ya kugawa anwani) kinajipangia mtandao chenyewe. Taabu inaanza unapotaka seva iwe na anwani isiyobadilika, maana hapo unaulizwa maswali na wengi wetu tunajibu kwa kukisia. Nimemwona fundi akijaza 192.168.1.1 kama lango (anwani ya ruta ya kutokea nje) kwa sababu tu ndilo la ruta ya kwake Sinza, wakati ruta ya ofisi ile ilikuwa 192.168.8.1.

Andika kabla flashi ya kisakinishi haijaingia: anwani ya seva, sabneti (ukubwa wa mtandao), lango, DNS (seva inayogeuza majina kuwa anwani), na ruta inagawa anwani kuanzia ipi hadi ipi. Upande wa diski andika ukubwa na serial namba iliyobandikwa juu yake. Hilo la mwisho linaonekana la kitoto mpaka siku ukutane na diski mbili za GB 500 zinazofanana kama mapacha, moja ikiwa na hesabu zote za mteja. Kwenye kisakinishi cha Ubuntu fungua shell (dirisha la amri) kupitia menyu ya Help juu kulia, upige:

```
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,FSTYPE
```

Kwenye Debian bonyeza Ctrl+Alt+F2, utumie `ls -l /dev/disk/by-id`. Majina ya mle yana serial namba ndani yake.

Diski haionekani

Umefika ukurasa wa diski, orodha tupu, au kinachoonekana ni flashi yako peke yake. Kwa mashine hizi zilizotumika, natazama BIOS kwanza: sehemu ya SATA imewekwa "RAID", "RST" au "VMD" badala ya "AHCI". Badilisha, hifadhi, washa upya. Lakini kama mwenye mashine anataka Windows yake ibaki, muulize kwanza, maana badiliko hilo linaweza kuifanya isiwake tena. Seva halisi yenye kadi ya RAID ni kinyume chake: diski hazitokei mpaka uingie kwenye menyu ya kadi yenyewe na kuziunganisha kuwa diski moja pepe.

Ikionekana lakini kisakinishi kinakataa kuigusa, ina alama za LVM (mfumo wa kugawa diski kwa vipande vinavyotanuka) au RAID za maisha yake ya nyuma. Zifute:

```
vgchange -an
wipefs -a /dev/sdb
```

Baada ya hapo hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo soma ile karatasi tena kabla ya kubonyeza Enter. Na kama hata BIOS haiioni, hiyo si habari ya Linux. Anza na kebo ya SATA.

Inawaka flashi ikiwemo tu

Hii huwa inanichekesha, hata iliponitokea mimi. Umemaliza, seva imewaka vizuri, unachomoa flashi unawasha upya: skrini nyeusi. Unairudisha flashi ili uanze kutafuta kosa, na seva inawaka kama kawaida!

GRUB, programu ndogo inayoiwasha Linux, imekaa kwenye flashi. Hutokea Debian inapowekwa kwenye mashine iliyobuti kwa BIOS ya zamani: flashi ilijiita /dev/sda, diski ikawa /dev/sdb, nawe ulipoulizwa GRUB iwekwe wapi ukachagua ya kwanza kwa mazoea. Washa flashi ikiwemo, hakikisha kwa lsblk diski inaitwaje sasa, kisha:

```
sudo grub-install /dev/sdb
sudo update-grub
```

Isipowaka kabisa, swali la kwanza ni ulibuti kwa njia gani ulipokuwa unasakinisha. Kwenye shell ya kisakinishi piga `ls /sys/firmware/efi`. Folda ikiwepo, ni UEFI (mrithi wa BIOS ya zamani), na diski lazima iwe na patisheni ya EFI yenye FAT32 inayokaa /boot/efi. Mimi naipa GB 1. Isipokuwepo, ni BIOS ya zamani, na diski ya GPT (jedwali jipya la patisheni) inahitaji kipande cha MB 1 kisichofomatiwa chenye alama ya bios_grub. Anayegawa kwa mkono husahau kimojawapo. Anayekwepa yote kwa kutumia MBR (jedwali la zamani) anakutana na ukuta mwingine: kwa sekta za baiti 512, MBR haihesabu kupita TiB 2, na diski yako ya TB 4 itatumika nusu.

Kuna na mashine ambazo ukizipa kila kitu sawasawa bado zinasema hazina cha kubuti, kwa kuwa zinalitafuta faili moja tu, EFI/BOOT/BOOTX64.EFI. Zipe zinachokitaka:

```
sudo grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable
```

"Diski ni TB 1 lakini imejaa kwenye GB 100"

Hii ndiyo inayoniletea simu nyingi kuliko zote, na haiji siku ya kwanza. Inakuja baada ya miezi, mauzo yameshika kasi, na mfumo unagoma kuandika risiti. Unapiga `df -h /` unakuta:

```
Filesystem                         Size  Used Avail Use% Mounted on
/dev/mapper/ubuntu--vg-ubuntu--lv   98G   93G     0 100% /
```

Fundi aliyekutangulia anatukanwa kwamba aliweka diski ndogo. Hakuweka. Ukikubali mgawo wa LVM ambao Ubuntu Server inakuandalia, kwenye diski inayozidi GB 200 mfumo unapewa GB 100 tu na zilizobaki zinaachwa kwenye kundi la LVM bila mwenyewe. Kati ya GB 20 na 200 unapewa nusu. Ukurasa unaoonyesha hayo upo, ila watu wanaupita kwa Enter. Piga `sudo vgs`, tazama safu ya VFree: kwa diski ya TB 1 utakuta zaidi ya GB 800 zimelala.

```
sudo lvextend -r -L +200G /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv
```

Herufi -r ndiyo inayotanua na ext4 yenyewe (mfumo wa faili uliomo ndani). Bila hiyo utaongeza chombo na maji yatabaki pale pale. Inafanyika seva ikiwa hewani, wateja wanaendelea. Utaona watu wanashauri `-l +100%FREE`, umalize zote kwa mkupuo. Mimi sifanyi hivyo. Kutanua ext4 ni sekunde chache, kuipunguza ni lazima uizime kwanza, na hujui mwezi ujao utahitaji nafasi hiyo wapi.

Rudi kwenye jedwali lile. 98 toa 93 ni 5, lakini safu ya Avail inasema 0. Hizo GB 5 hazijaibwa: ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root ili mfumo usikabwe koo. Kwenye diski kubwa ya data pekee akiba hiyo ni kubwa mno, ipunguze kwa `tune2fs -m 1`. Na TB 1 kuonekana kama 931 ni suala la kuhesabu kwa 1024 badala ya 1000, usimrudishie muuzaji diski yake.

Kwa Debian kosa lina sura nyingine. Kuna chaguo la kutenganisha /home, /var na /tmp, linasikika la kitaalamu. Ukilichukua kwenye seva, sehemu kubwa ya diski inakwenda /home, mahali ambapo hakuna mtu anayeishi, huku hifadhidata zinabanana ndani ya /var kama abiria wa daladala saa 12 jioni. Gawa mwenyewe: mfumo wake, /srv au /var yenye nafasi ya kweli, na nyingine iache kwenye LVM.

Ukiambiwa hakuna nafasi wakati df inaonyesha ipo, angalia `df -i`. Mamilioni ya vifaili vidogo yanamaliza inodi (nafasi za kusajili faili) kabla ya gigabaiti.

Kisakinishi kinakataa namba zako

Kwenye Ubuntu, palipoandikwa "Subnet" panataka mtandao wenyewe kwa mkwaju, mfano 192.168.8.0/24. Ukiandika 255.255.255.0 kama ulivyozoea kwenye Windows, kinagoma. "Address" inataka anwani tupu, isiyo na mkwaju. Debian haina makuu, inakubali 255.255.255.0.

Hatari zaidi ni namba mbaya inayokubalika. Niliwahi kumwekea mteja seva yenye anwani ya umma, tuseme 203.0.113.10, lango 203.0.113.9, sabneti 255.255.255.252, yaani /30. Kwa kuchoka nikaandika /24. Kila kitu kikafanya kazi: masasisho yakashuka, tovuti ikafunguka, nikalipwa. Baada ya siku tatu napigiwa simu kwamba tawi la Mbagala peke yake haliipati seva. Dunia nzima inafika, Mbagala hapana! Tawi lile lilikuwa na mtoa huduma yule yule na anwani yake ilianza na 203.0.113 vilevile. Kwa /24 seva iliamini tawi liko kwenye waya mmoja nayo, ikawa inaliita moja kwa moja badala ya kupitia lango, na hakuna wa kuitika. Nikabadilisha tarakimu mbili, 24 ikawa 30, mkwaju ukabaki ulivyo, mambo yakanyooka.

Mtandao hakuna

Usianze kubadilisha faili. Panda ngazi kutoka chini.

`ip -br link` inakuambia kama waya upo. Ukiona NO-CARRIER, ishara haifiki: kebo, tundu la swichi, au kichwa kilichobanwa vibaya. Ukiona waya upo lakini kila kitu kinakwenda kwa kujivuta, piga `ethtool enp3s0` (enp3s0 ni jina la kadi ya mtandao) uangalie Speed. Ikisoma 100Mb/s mahali pa 1000, mara nyingi jozi moja au mbili za kebo zimekatika. Kasi ya gigabiti inataka jozi zote nne, ya 100 inaridhika na mbili, ndiyo maana kebo mbovu haifi bali inapunguza mwendo.

Kisha `ip -br a`, anwani ni ile ya kwenye karatasi? Kisha ping ya lango. Kisha ping ya 1.1.1.1, anwani ya nje kwenye intaneti. Kisha jina, kwa `resolvectl query ubuntu.com`. Pale ngazi inapovunjika ndipo tatizo lilipo, si juu yake. Lango likijibu na 1.1.1.1 isijibu, tazama `ip route`: mstari wa default upo, na ni mmoja? Namba zikijibu na majina yakagoma, ni DNS. Na ukikuta lango linajibu, mipangilio imekaa sawa, ila nje kuzito, uliza majirani kabla hujavunja ulichojenga. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja, na hakuna faili la netplan (mipangilio ya mtandao ya Ubuntu) ambalo lingeponya hilo.

Faili lenyewe la Ubuntu, ndani ya /etc/netplan, lifanane na hili:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp3s0:
      dhcp4: false
      addresses: [192.168.8.20/24]
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.8.1
      nameservers:
        addresses: [192.168.8.1, 1.1.1.1]
```

Nafasi za kushoto ni za spacebar. Ukitumia Tab, netplan itakukemea. Maelekezo ya zamani yana neno gateway4, liache, limeshapitwa na wakati. Na ukiwa unahariri kwa mbali, piga `sudo netplan try` badala ya apply: usipothibitisha ndani ya sekunde 120 inarudisha mpangilio wa awali, na wewe hupandi bodaboda usiku kwenda kujifungulia mlango.

Kuna moja inayopoteza watu: umeongeza diski ya NVMe au kadi, na mtandao umekufa. Vina uhusiano gani? Jina enp3s0 linatokana na nafasi ya kadi ya mtandao kwenye PCI, njia ya kadi za ubao mama. Kifaa kipya kimesogeza hesabu, sasa inaitwa enp4s0, na faili lako linamngoja mtu aliyehama. Rekebisha jina, au uifunge kadi kwa MAC yake (namba yake ya utambulisho) ukitumia match na set-name.

Inakufa kila asubuhi, inafufuka yenyewe

Duka la jumla, Kariakoo, ghorofa ya pili.

"Kaka, mfumo umekufa tena," dada wa kaunta kwenye simu.

"Umekufa saa ngapi?"

"Kama jana. Tukishafungua tu, saa mbili na kitu."

"Na ukirudi?"

"Unarudi wenyewe. Jana ulirudi saa tano, bosi alipotoka."

Bosi alipotoka. Maneno mawili, na nilikuwa nimeshabadilisha kebo na swichi. Kesho yake nikawahi kabla duka halijafunguliwa, nikakaa na kahawa yangu. Bosi akaingia, tukasalimiana, akapanda zake ofisini. Mfumo ukakatika. Nikapiga kwenye seva amri ya kuuliza kama kuna mwingine mwenye anwani yake:

```
sudo arping -D -I enp3s0 -c 3 192.168.8.110
Unicast reply from 192.168.8.110 [9A:3C:51:07:E2:4D]
```

Anwani ya seva, lakini MAC si ya seva. Tazama ile tarakimu ya pili, A. MAC ambayo tarakimu yake ya pili ni 2, 6, A au E ni ya kujibunia, na simu za siku hizi ndivyo zinavyojitambulisha kwenye Wi-Fi. Ilikuwa simu ya bosi. Ruta iligawa kuanzia 100 hadi 200, na mimi niliiwekea seva 110 katikati ya shamba la watu. Jioni walikuwa wakizima seva. Siku moja simu ikatangulia asubuhi, ruta ikaona 110 iko wazi ikaipa simu, na tangu hapo ikawa inaikumbuka. Niliihamisha seva kwenda 20. Bosi sikumweleza kwa kirefu.

Inasubiri, au inaangukia hali ya dharura

Seva inakaa dakika mbili ikisema inangoja mtandao: kuna tundu la pili la mtandao limeandikwa kwenye netplan na halina waya. Liongezee `optional: true`. Ikikaa dakika moja na nusu kisha ikaandika "emergency mode", karibu kila mara ni mstari wa /etc/fstab (faili la diski za kufunguliwa mfumo ukiwaka) wa diski ambayo haipo au imebadilika jina. Ingia, piga `mount -o remount,rw /`, hariri mstari, tumia UUID (namba ya kudumu ya patisheni) kutoka blkid wala si /dev/sdb1, na kwa diski yoyote ambayo mfumo unaweza kuishi bila hiyo ongeza nofail. Kabla ya kuwasha upya, `findmnt --verify` itakuonyesha makosa mengine.

Ndani inafikika, nje haifikiki

Umefungua mlango (port) kwenye ruta ya 4G na bado hakuna anayeingia. Ingia kwenye ruta, soma anwani yake ya upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma, yaani mnagawana anwani moja ya umma na wateja wengine, na hakuna mlango wa kwako wa kufungua. Omba anwani ya umma, au tumia WireGuard (VPN) kutoka seva kwenda mashine ya nje.

Umeme umekatika, umerudi, seva haijarudi

Kwanza betri ya ubao mama, CR2032, bei yake haifiki ya chakula cha mchana. Ikifa, saa inarudi miaka nyuma, na apt inakataa ikisema faili la Release bado halijaanza kuwa halali. Weka betri, weka `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, acha NTP (huduma ya saa ya mtandaoni) inyooshe saa. Betri iliyokufa pia hufuta mipangilio ya BIOS, ile RAID badala ya AHCI inarudi, na unajikuta mwanzo wa ukurasa huu.

Halafu ndani ya BIOS tafuta mpangilio wa kurudi kwa umeme, huitwa "Restore on AC Power Loss" au jina la karibu na hilo, uweke iwake yenyewe. Usiamini maandishi. Kabla sijafunga begi naizima seva kwa shutdown, nazima swichi ya ukutani, nahesabu hadi thelathini, naiwasha. Kisha naizima tena ukutani ikiwa inafanya kazi. Mwenye duka hushtuka, namwambia bora tuone sasa nikiwa hapa. Feni ikilia yenyewe na ping ikianza kujibu bila mtu kugusa kitufe, naomba hela yangu.